Kwa njuka wanaotaka herufi za Kigiriki

Jumamosi iliyopita, saa saba usiku, simu yangu ikaita. Kijana wa Mwanza, wiki ya tano tangu afike Marekani, anapiga kelele: "Kaka, nimepata bidi!" Yaani mwaliko wa kujiunga na fraterniti, vile vyama vya udugu vya vyuoni vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Nyuma yake midume kama thelathini inaimba. Nikampongeza, kwa moyo mweupe kabisa. Halafu akashusha sauti kama mtu anayeazima chumvi: eti akidropu Kalkulasi, yaani aliache somo katikati ya semista, kuna noma? Maana pleji, zile wiki za majaribio kabla ya kiapo, inaanza Jumatatu, na kaka zake wapya wamemwambia kila mtu hudropu.

Huyo ni wa tatu ndani ya miaka miwili. Nimechoka kurudia kwenye simu, naandika mara moja. Herufi ninazo, kiapo nilikula, pini iko kwenye droo ya soksi. Simkatazi mtu kuingia fraterniti. Ila mnanitia uchungu, wadogo zangu.

1. Rashi, wiki ambayo fraterniti zinasaka wanachama wapya, ni ya kula. Baga, mabawa ya kuku, aisikrimu, wiki nzima hugusi kantini. Kula, huku unauliza wa mwaka wa tatu wanasoma nini. Nyumba ambayo hakuna anayeijua GPA (wastani wa alama) ya chapta yake (tawi lao hapo chuoni), aga uondoke. Majina usihangaike nayo. Mimi niliyakariri yote usiku wa kwanza, kumbe watano walikuwa Tyler.

2. Gharama iombe kwa maandishi, mstari kwa mstari, kabla hujasaini. Yangu ilikuwa dola 640 kwa semista, nikaona naimudu, kwa sababu nafanya kazi kantini zile saa 20 kwa wiki ambazo F-1, viza ya mwanafunzi, inaruhusu. Kuhusu fulana sikuuliza. Kila shughuli ina fulana yake, na ni ya kulipia: ya rashi, ya mechi ya kwanza, ya kuchangia hospitali ya watoto, ya wikiendi ya kina mama. Ninazo 17. Nyingine mama anazivaa shambani Kibaha, na jirani alishawahi kumuuliza hayo maandishi ni ya dhehebu gani.

3. Kuna fraterniti na fraterniti. Zile zenye majumba yaliyopangana barabara moja, na zile za Weusi zilizo ndani ya Divine Nine (vyama tisa, vinne kati yake vya wasichana), hata mlango wa kuingilia haufanani. Alpha Phi Alpha ilianzia chuo cha Cornell mwaka 1906, enzi ambazo wanafunzi Weusi pale walikuwa wa kuhesabu na wametengwa. Nkrumah wa Ghana alikuwa Phi Beta Sigma. Kwenye hizo za Weusi hakuna baga: unahudhuria shughuli zao, unanyamaza, unasubiri, na ukiingia umeingia maisha, kuna wazee wa miaka 70 bado wanalipa ada. Na tafadhali, ukiwaona wanastepu (ngoma yao ya kupiga miguu na makofi), usiige ile ishara yao ya mkono kwa sababu umeiona kwenye simu. Mkenya mmoja rafiki yangu aliifanya kwenye picha ya pamoja, akaomba radhi wiki mbili.

4. Usidropu. Hapa naomba nikae kidogo.

Oktoba 2022, mwaka wangu wa pili. Nilikuwa na krediti 13, nne kati ya hizo Kemia Ogani na maabara yake. Pleji imefika wiki ya nne. Nalala masaa matatu, nakariri waasisi, naosha masufuria ya watu 38. Mtihani wa kwanza wa Ogani nikapata 41. Nyumbani hiyo ni sapu tu, unapiga msuli unarudia, maisha yanaendelea. Nikiwa kwenye sofa la sebuleni, lile la kijani linalonuka bia ya vizazi na vizazi, kaka yangu mkubwa (cheo tu, umri nimemzidi mwaka mzima) akaichungulia karatasi akasema: dropu tu, W (alama ya somo ulilodropu) haiingii kwenye GPA. Alisema kweli. Yeye alishadropu masomo matatu na hakuna aliyemfanya kitu. Akanipa laptopu yake nitumie.

Ukurasa ukaleta maandishi mekundu: wanafunzi wa kimataifa wawasiliane na ofisi yao kabla ya kuendelea. Nayaona hata leo, na kile kisanduku cha kutiki kwamba nimesoma na nimeelewa. Nikatiki. Ilikuwa saa tano na dakika kumi usiku. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata mwezi mzima.

Krediti 13 toa 4 ni 9. F-1 wa shahada ya kwanza anatakiwa 12, na akitaka kushuka chini ya hapo DSO, afisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kimataifa, aidhinishe kwanza. Kwanza, si baadaye. Nilikuwa nalijua! Nililisikia kwenye orientesheni, nikasaini. Ila usiku ule hapakuwa na mwanafunzi wa F-1 kwenye lile sofa, palikuwa na pleji namba 9, na pleji namba 9 anawasikiliza kaka zake.

DSO aliniandikia barua pepe tatu. Simu zetu pleji tulikuwa tunaziacha jikoni kila jioni kwenye boksi la viatu hadi usiku wa manane, na nikiipata yangu naangalia meseji za kundi tu. Barua ya tatu niliifungua rekodi yangu ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, ikiwa imeshafungwa. Nikaenda ofisini mbio, tai ya pleji shingoni. Mama wa watu hakufoka. Alinisogezea tishu, kisha akanieleza: ama niombe kurejeshewa hadhi ya mwanafunzi kwa fomu ya I-539 na kusubiri miezi roho ikiwa mkononi, ama niondoke nikaanze upya na I-20 mpya, ile hati ya chuo ya kuombea viza. Kwenye maombi unaeleza jinsi jambo lilivyokuwa nje ya uwezo wako. Nilijaribu kuandika. "Nilikuwa naosha masufuria" haikukaa vizuri.

Novemba nikawa Dar. Mzee alinipokea uwanjani, akabeba begi, hakusema kitu mpaka tuliponasa kwenye foleni ya Ubungo. Akauliza: "Hao kaka zako, mama zao wanajua?" Sikuwa na jibu. Mtaani akatangaza nimekuja likizo. Desemba likizo. Februari likizo. Mei mama wa dukani ananihesabia chenji huku anatabasamu: "Likizo za Marekani ndefu, eh?" Nikalipa dola 350 za SEVIS upya, ada ya viza upya, nikapanga foleni ubalozini Msasani pamoja na watoto waliomaliza form six juzi. Nikarudi Agosti. Semista mbili zimekwenda, na ile saa ya mafunzo kazini imeanza kuhesabiwa kutoka sifuri, mwaka mzima wa masomo kabla ya kugusa CPT, ile ruhusa ya kufanya kazi inayohusu masomo. Intanshipu niliyokuwa nimeahidiwa akapewa mwingine.

Na kaka zangu? Walichanga dola 612, wakanikabidhi ndani ya kopo la Pringles. Alfajiri ya safari walinisindikiza wanne, mmoja na pajama. Yule kaka mkubwa alilia kwenye maegesho mpaka nikambembeleza mimi. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alinipa ushauri unaomfaa mwenye pasipoti ya Marekani. Kiapo nilikuja kukila niliporudi, na yeye ndiye aliyenifunga pini. Lakini linalogusa krediti, kazi, safari au polisi, silipeleki tena kwenye lile sofa.

Yule wa Mwanza nilimuuliza ana krediti ngapi. "Kaka, ngoja niangalie." Ngoja niangalie!

5. Pleji ikigeuka unyanyasaji, ondoka. Sisi tumelala mabweni, tumepita JKT, tunajiona hakuna cha kututisha, na hapo ndipo tunapoponzeka: Mmarekani akiambiwa apige magoti usiku anashtuka, sisi tunauliza kwa muda gani. Mwaka 2017 pleji mmoja wa chuo cha Penn State alinyweshwa pombe, akaanguka ngazini, na wenzake wakakaa karibu masaa 12 bila kuita msaada. Alifariki. Desemba 2024 ikasainiwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vitangaze matukio ya namna hiyo. Kwetu hakuna aliyepigwa. Ila mwaka wangu wa mwisho nilimwamsha pleji saa tisa usiku aniletee maji, na bomba liko hatua tano kutoka kitandani kwangu. Akaleta. Akasema asante. Ile asante ndiyo iliyoninyima usingizi.

6. Pombe ni miaka 21, si 18, na kukamatwa unaendesha umelewa kunaweza kukufutia viza hata kabla ya hukumu. Shika soda.

7. Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, wakikualika nyumbani kwao, nenda. Mimi nilikwenda Ohio, kwa Tyler wa tatu. Bibi yake aliniomba nisali kwa lugha yangu, nikasali, akaitikia amina katikati ya sentensi, nikaanza upya. Kesho yake nikawapikia pilau kwa mchele wa dukani kwao na viungo ambavyo mama alinifungia kwenye soksi. Tangu hapo mama Tyler huniandikia kila Novemba kuuliza vipimo. Mwaka jana hakusubiri jibu: badala ya binzari nyembamba akaweka ya manjano, vijiko vinne vya chakula, akanitumia picha ya sufuria.