Salvador, Brazili: siku mbili mbali na ufukwe

Ndugu, kwa siku zako mbili Salvador bila kushinda ufukweni, anzia Pelourinho, mji mkongwe ulioingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1985. Ukiweza, Jumanne iwe mojawapo: jioni kanisa la Rosário dos Pretos, lililojengwa na Waafrika wenyewe, watumwa na walioachwa huru, huwa na misa ya ngoma. Hiyo usiikose hata kidogo. Karibu na hapo, jumba la makumbusho la Museu Afro-Brasileiro lina mbao kubwa za msanii Carybé zenye michoro ya kuchonga ya miungu ya Wayoruba. Mji wa chini shuka kwa lifti ya Lacerda, ya mwaka 1873. Njaa ikibana, tafuta acarajé: ni kama bagia zetu za kunde, ila hukaangwa kwa mawese na kujazwa kamba. Pilipili omba kidogo kwanza.