Polisi wananunua bunduki? Maswali yenu haya hapa

Tangu nitaje kwamba polisi wa miji mingi ya Marekani huwa wanatenga siku ya kununua bunduki za raia bila kuulizana maswali, meseji zimemiminika, wengine wanadhani natania. Sitanii. Nimechukua chache.

Mume wangu alifariki, kaacha bastola kabatini, sijui hata kama ina risasi na wajukuu wanashinda hapa kwangu. Niipeleke kituoni? (Mama, Columbus, Ohio)

Pole sana mama. Tafadhali usiingie kituoni na bastola mkononi, hata kama nia ni njema, kwa nchi hii na kwa rangi yetu hilo sitaki hata kulifikiria. Piga namba ya kawaida ya polisi, siyo 911 ya dharura, waambie kuna bastola ya marehemu, huitaki, na hujui kama ina risasi. Sehemu nyingi watamtuma askari aje aichukue, ila hapo usitegemee malipo.

Ukitaka kusubiri siku yenyewe basi tafuta mtu anayezijua aitoe risasi, maana magazini, kile kibebeo cha risasi, inaweza kutoka na risasi moja ikabaki chemba, ndani ya bastola yenyewe. Na siku hiyo mara nyingi iko hivi: ni Jumamosi, pakingi ya kanisa, magari foleni, silaha tupu iko kwenye buti, wewe umetulia kwenye usukani mikono inaonekana, askari anafungua buti mwenyewe anaichukua anaikagua, mwenzake anakuletea gifti kadi dirishani, unaondoka. Kwa kawaida jina hawakuulizi. Mpaka siku hiyo ifike, mama, ifungie na ufunguo ukae nao wewe. Sikutishi, lakini mwaka 2023 Marekani walikufa kwa risasi watu kama 46,700, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe, tena wengi kwa silaha iliyokuwepo tu nyumbani kama hiyo.

Wanalipa bei gani, na mbona siyo keshi?

Inategemea mji. Los Angeles Desemba 2012, siku chache baada ya watoto kuuawa shuleni kule Sandy Hook, walitoa kadi ya supamaketi ya dola 100 kwa bastola au bunduki ya kawaida na dola 200 kwa zile za kivita, wakakusanya silaha 2,037 kwa siku moja. Kadi ni kwa sababu hela nyingi ni michango ya wafadhili, halafu mwanasiasa gani anataka aulizwe kwa nini polisi wamempa mtu keshi akaenda kununulia bunduki mpya. Seattle Januari 2013 walikuja mpaka wanunuzi binafsi, wamesimama barabarani na hela mkononi wanawawahi watu kwenye foleni, kihalali kabisa. Siku hiyo hiyo mtu alifika na bomba la kurushia kombora. Bomba tupu, lakini jamani!

Kwa hiyo ujambazi unapungua?

Kusema ukweli, hapana, na anayekwambia unapungua anakuuzia kitu. Baltimore mwaka 1974 polisi walilipa dola 50 kwa kila bunduki, wakapata kama 13,500 ndani ya miezi michache, na mauaji yakaongezeka kipindi hicho hicho. Mwaka 2021 wachumi wakachambua programu nyingi za miji hii, hawakuona uhalifu wa bunduki umeshuka. Jambazi hauzi kitendea kazi chake kwa kadi ya supamaketi. Wanaokuja ni wajane, wazee, watu waliorithi, na nyingi ni makuukuu yasiyofyatuka. Australia 1996 ilikuwa habari nyingine, aina fulani za bunduki zilipigwa marufuku nchi nzima, kuuza ilikuwa lazima, zikatoka zaidi ya 640,000. Mimi bado nasema wafanye, ila wafanye kwa ajili ya yule mama wa juu, wasitudanganye kwamba genge litaisha.

Nipo kwa viza ya mwanafunzi, rumeti kahama kaacha bunduki. Niiuze?

Mdogo wangu, usiiguse. Mwenye viza ya F-1 kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha hata risasi, isipokuwa mianya michache kama leseni ya kuwinda. Mpigie mwanasheria au ofisi ya wanafunzi wa kimataifa leo, wao ndio wawasiliane na polisi. "Hakuna maswali" ya polisi wa mji haiwafungi uhamiaji.

Ni kweli kuna jamaa alichapisha bunduki kwa printa akawauzia?

Kweli. Utica, New York, Agosti 2022, kapeleka rundo la vitu vya printa ya 3D akaondoka na kadi za dola 21,000. Baada ya hapo wakabana masharti. Usijaribu.

Bongo mbona hatulipwi?

Kwetu ni msamaha tu. Serikali inatangaza kipindi, unasalimisha gobore lako polisi au kwa serikali ya mtaa na hushtakiwi, muda ukipita ni sheria ya silaha ya 2015. Msumbiji baada ya vita ndio walikuwa na akili, kuanzia 1995 makanisa yaliwapa watu cherehani, baiskeli na majembe badala ya bunduki.

Wakishazichukua zinaenda wapi?

Hapa ndipo pananiudhi. Arizona ilipitisha sheria 2013 kwamba zile zinazofaa ziuzwe tena, mji wa Tucson wakabisha na mwaka 2017 wakashindwa mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Na kwingine wanakosema "tunaharibu", gazeti la New York Times walionyesha mwishoni mwa 2023 kwamba kampuni inayopewa kazi inasaga kile kipande kimoja ambacho kisheria ndiyo bunduki, vingine vyote vinauzwa mtandaoni kama spea. Kwa hiyo kabla hujafungua buti muulize askari: mnaiyeyusha yote au kipande?