Shindano la makala huanza kabla ya tangazo

Mwandishi wa riwaya akisikia tuzo imetangazwa, anaweza kuutoa mswada uliolala kabatini, akausafisha wiki mbili na kuutuma. Mwandishi wa makala hana nafasi hiyo. Tuzo nyingi za makala Afrika Mashariki hupokea kazi iliyokwisha kuchapishwa au kurushwa hewani, yenye tarehe na jina lako, katika chombo kinachotambulika. Siku tangazo linapotoka, muda wa kuandika umeshapita. Unachagua katika ulichonacho tu, na hapo ndipo waandishi wengi wa kujitegemea hujikuta na kazi nzuri wasiyoweza kuithibitisha.

Kwanza zitenge tuzo kwa aina zake, maana watu wanapoteza nguvu nyingi kwenye mlango usio wao. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, ni ya kazi za kubuni. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, bila ada yoyote, lakini nayo ni ya hadithi. Makala yako kuhusu bei ya korosho haina kiti humo hata iwe tamu vipi. Wewe tazama EJAT, tuzo za umahiri wa uandishi wa habari zilizo chini ya Baraza la Habari Tanzania. Kwa Kenya, AJEA, tuzo za kila mwaka za uandishi wa habari za Baraza la Vyombo vya Habari. Na kwa nchi wanachama wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, tuzo za vyombo vya habari za jumuiya hiyo. Kando ya hizo kuna mashindano ya insha ya vyuo, balozi na mashirika, na baadhi hutangazwa kuelekea Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7. Haya ya insha ndiyo yanayotaka kazi mpya ambayo haijatoka popote. Usichanganye makundi haya mawili, kwa kuwa kinachokupa sifa ya kushiriki katika kundi moja ndicho kinachokuondoa katika jingine.

Tuanze na kundi la kwanza. Tuzo za uandishi wa habari kwa kawaida huangalia kazi za mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, kisha hupokea maombi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo jalada la ushahidi hujengwa siku ileile makala inapotoka. Nunua nakala mbili za gazeti. Piga picha ukurasa mzima, ukionyesha jina la gazeti, tarehe na namba ya toleo. Kipande kilichokatwa kisichoonyesha tarehe hakina kazi. Kama imetoka mtandaoni, hifadhi ukurasa wenyewe kama PDF na upige picha ya skrini inayoonyesha anwani yake. Tovuti za magazeti hubadilishwa muundo na viungo vya zamani hufa bila taarifa, na jaji akibofya akakuta ukurasa mtupu hatakutafuta kwenye simu.

Kuna tatizo moja linalowaumiza wanaojitegemea kuliko waajiriwa: makala kutoka kwa jina la "Mwandishi Wetu". Wakati mwingine ni haraka ya dawati, wakati mwingine ni mazoea tu. Kwa msomaji si neno, lakini kwa tuzo umepoteza kazi ya miezi. Mwandikie mhariri wiki hiyohiyo, kwa upole, umwombe barua fupi yenye nembo ya chombo inayosema makala fulani, ya tarehe fulani, ukurasa fulani, iliandikwa na wewe. Ukisubiri hadi Februari, mhariri huyo huenda ameshahamia gazeti jingine, na aliyekuja hana sababu ya kutia saini kwa jambo asilolijua. Vyombo vingine hutoa barua hiyo kwa waajiriwa tu, kwa hiyo ulizia mapema.

Sasa makala yenyewe. Huwezi kuwa na kazi ya kushindanisha kama wahariri hawakubali mawazo yako, na wazo hukataliwa zaidi kwa jinsi lilivyoandikwa kuliko kwa ubaya wake. "Naomba kuandika kuhusu kilimo cha mwani Zanzibar" ni mada. Mhariri hajui utampa nini. Linganisha na hili: "Wakulima wa mwani wa Paje wanalazimika kufuata maji ya kina kirefu, kwa kuwa kotoni, aina inayolipa zaidi, haistahimili joto la maji ya ufukweni. Wengi wao ni wanawake, na wengi hawajui kuogelea. Nitakwenda nao shambani wakati wa bamvua, nitazungumza na wanunuzi na watafiti wa bahari, nikuletee maneno 1,200 na picha sita ifikapo tarehe 20." Hapa pana watu, pana mgogoro, pana sababu ya kuandika sasa, na mhariri anajua atapata nini na lini. Mistari mitano hadi saba inatosha. Usiambatishe makala nzima kabla hajakubali wazo. Akiipokea ikiwa imekamilika na bila makubaliano, nguvu yako ya kuzungumza bei imekwisha.

Na unapoandika, ujue kinachoziangusha makala mbele ya majaji. Kubwa kuliko yote ni kuandika ripoti ya warsha na kuiita makala. "Hayo yamesemwa jana na mgeni rasmi wakati akifungua semina ya siku mbili" ni habari ya kurasa za ndani, na hakuna kiasi cha kunyoosha sentensi kitakachoifanya iwe zaidi ya hapo. La pili ni vyanzo vya upande mmoja: maofisa watatu, mkurugenzi wa shirika, na mwananchi mmoja mwishoni anayeishukuru serikali. Jaji aliyewahi kukaa kwenye dawati la habari anaiona safari iliyolipiwa na shirika tangu aya ya pili. La tatu ni takwimu zisizo na kipimo. Ukiandika kwamba wagonjwa wameongezeka hadi 340, msomaji anataka kujua kutoka wangapi, kwa muda gani, na katika watu wangapi. La nne ni mwanzo wa mbali, ule wa "tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akitegemea maji". Anzia kwenye ndoo, foleni na bei ya dumu; historia ya maji ipe aya moja katikati, kama inahitajika.

Majaji pia huuliza makala ilibadilisha nini. Si kila makala hubadilisha kitu, lakini kama kisima kilifunguliwa au mkurugenzi alijibu kwa maandishi, andika ufuatiliaji na uuweke kwenye jalada pamoja na kazi ya kwanza. Na shajara yako, sauti za mahojiano na rasimu za mwanzo usizifute. Ukiulizwa kama kazi ni yako au imetungwa na programu ya akili mnemba, hizo ndizo zitakazokutetea.

Kundi la pili, insha mpya, lina mitego yake, na mingi imo kwenye masharti ambayo watu hawayasomi. "Haijawahi kuchapishwa" maana yake ni pamoja na blogu yako, JamiiForums na ukurasa wako wa Facebook. Waandaaji hunakili sentensi moja na kuitafuta mtandaoni. Inachukua sekunde chache. Kama uliiweka mahali, kuifuta leo hakuirudishi kuwa mpya.

Idadi ya maneno nayo ina ugumu wake kwa anayeandika Kiswahili. Vitenzi vyetu hubeba mengi ndani ya neno moja, hivyo insha ya maneno 1,000 ya Kiswahili ikitafsiriwa Kiingereza hurefuka, mara nyingi kwa robo au zaidi. Shindano likitaka kazi pamoja na tafsiri, na kikomo cha maneno 1,000 kikihesabiwa kwenye tafsiri, andika mapema kwa urefu wa maneno 750 hivi. Ukikata mwishoni kwa haraka, utakachokata ni mifano, na mifano ndiyo iliyokuwa inaibeba insha.

Mwonekano wa kazi: karatasi ya A4, herufi za Times New Roman ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.5, namba za kurasa. Masharti yakisema vingine, fuata masharti. Pale panapotakiwa kazi isiyo na jina, wengi hufuta jina kwenye ukurasa wa kwanza na kusahau kwamba faili lenyewe limelihifadhi. Katika Word, fungua sifa za faili na utakuta sehemu ya mwandishi imejazwa jina lako, au la mwenye kompyuta uliyoazima. Tumia kipengele cha kukagua waraka kiondoe taarifa binafsi, hifadhi upya, kisha ufungue tena uhakikishe. Jina la faili pia lisiwe lako. Na usitume dakika za mwisho: saa sita usiku ya London wakati wa baridi ni saa tisa usiku Dar es Salaam, ila wakati wa kiangazi ni saa nane, na tofauti hiyo ya saa moja imewatoa watu nje ya shindano.

Sehemu ya kusoma mara tatu ni ya haki. Kuna tofauti kubwa kati ya "kazi zitakazoshinda zinaweza kuchapishwa na waandaaji" na "kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya waandaaji". Ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili inakunyang'anya hata ukishindwa, na mimi husema wazi: achana nayo, hata zawadi iwe nono. Tanzania na Kenya kwa sheria hakimiliki ni yako tangu unapoiandika kazi, bila kusajili popote, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Usimpe mtu mali ya wajukuu wako kwa kubofya kitufe cha "nakubali".

Ada ya ushiriki si dalili ya utapeli yenyewe. Marekani majarida mengi ya fasihi hutoza dola kadhaa kwa kusoma. Utapeli hujionyesha baadaye. Unaambiwa umeingia fainali, kisha ununue kitabu chenye kazi za washindi, ulipie cheti, au utume pesa kwa M-Pesa ili zawadi "itolewe". Shindano la kweli halimtozi mshindi. Kabla ya kutuma chochote, tafuta washindi wa mwaka jana: majina yao, kazi zao na majaji waliowachagua. Kama huwapati popote, kuna jambo.

Mambo ya fedha hayapendezi lakini ndiyo yanayomweka mtu kazini. Uwe na namba ya mlipakodi, TIN kwa Tanzania au PIN kwa Kenya, kabla makala ya kwanza haijalipwa. Tuma ankara siku makala inapotoka, ukiandika namba yake, kichwa cha makala, tarehe ya kutoka, kiasi, na muda wa malipo mliokubaliana, kwa mfano siku 30. Kampuni inayokulipa ada ya huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 Tanzania, na Kenya ada ya kitaalamu hukatwa kiwango hichohicho kwa mkazi. Wengi hukatwa wakanyamaza. Dai cheti cha kodi ya zuio kila unapokatwa, kwa sababu kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi yako unapowasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka. Bila cheti, unalipa mara mbili.

Insha isiyoshinda isikae kwenye kompyuta. Masharti yakikuruhusu, iondoe vionjo vya shindano, yaani zile aya zinazoisifu mada ya mwaka na maneno ya mfadhili, upate chanzo kimoja kipya, kisha uiandikie wazo la mistari mitano na uipeleke kwa mhariri. Ikitoka kabla ya Desemba 31 kwa jina lako, nunua nakala mbili.