Mali ya wote si mali isiyo na mwenyewe

Ndugu, umeandika kwamba malisho na misitu ya milimani ikiachwa kwa kijiji kizima itaharibika tu, bora wagawane. Hapana, tazama Törbel, kijiji cha milima ya Alps, Uswisi. Tangu 1517 wana sheria moja: ng'ombe unaowapeleka malisho ya juu wasizidi idadi ya wale unaoweza kuwalisha kwako majira ya baridi. Nyasi zako za akiba ndizo kipimo. Hesabu hiyo jirani yeyote anaiona, na anayezidisha hutozwa faini. Jibini la huko juu waligawana kulingana na maziwa ya ng'ombe wa kila mtu.

Kuni nazo! Miti huwekwa alama kwanza, kaya zinakata na kupanga magogo mafungu kwa mafungu, kisha kura inapigwa. Anayepanga hajui fungu lake ni lipi, kwa hiyo anapanga kwa haki.

Kwetu Tanzania Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Kabla hamjagawana, ulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji: nani atahesabu mifugo, na faini itaingia mfuko gani?