Barua kwa mwanangu kuhusu dawa za baba yako

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama tuuze kiwanja cha Kange ili baba yako aje huko Marekani kutiwa dripu ya lekanemabu, kwa kuwa umesikia kwamba inatibu ugonjwa wa Alzheimer, huu unaompotezea kumbukumbu. Jibu langu, nikiwa mama yako na muuguzi mstaafu, ni hapana, nami nataka uzijue sababu zake ili usije ukabaki na dukuduku kwamba tulimnyima tiba kwa kuogopa gharama.

Dawa hiyo ni ya kweli, wala si uzushi. Iliidhinishwa kikamilifu huko Julai 2023, na kazi yake ni kuondoa ubongoni marundo ya protini iitwayo amiloidi. Katika utafiti wa miezi 18 uliohusisha takriban watu 1,800, waliotiwa dawa waliendelea kuzorota, ila kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 27 kuliko wenzao waliopewa dripu isiyo na dawa ndani yake, kwa ajili ya kulinganisha. Na kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa chenye alama 18, tofauti baina yao haikufika hata nusu alama. Tena watu hao walikuwa mwanzoni mwa ugonjwa, ilhali baba yako siku hizi huvaa shati juu ya shati na humwita mdogo wako kwa jina la marehemu kaka yake.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba dawa hiyo inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Uvimbe ulionekana kwa takriban mtu mmoja katika kila wanane, wengi wao bila dalili yoyote, lakini wako walioumia vibaya na vifo vimetokea. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara, na ndiyo maana madaktari husita sana kumpa mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande. Baba yako anatumia warfarini, mojawapo ya dawa hizo, kwa ajili ya moyo wake, na hatuwezi kuiacha bila kumweka katika hatari ya kiharusi.

Donepezili anayomeza sasa ni ya zamani zaidi, iliidhinishwa 1996, nayo haigusi chanzo cha ugonjwa. Huzuia kuvunjwa kwa asetilikolini, kemikali ambayo chembe za ubongo hupelekeana habari kwayo. Faida yake ni ndogo na haimfikii kila mgonjwa, lakini kwa baba yako nimeiona: anamaliza rakaa zake bila kupotea katikati, na kwangu hilo si dogo hata kidogo. Alipopandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10 aliharisha, akakataa chakula, kanzu zikampwaya, na daktari akamrudisha kwenye 5. Kwa kuwa dawa hii pia hupunguza kasi ya moyo na inaweza kumwangusha mtu kwa kuzimia, kila asubuhi namshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima kabla sijampa kidonge.

Kuna jambo hukuliuliza, nalo lina uzito uleule: dawa za kumwondolea. Piriton aliyokuwa akinywa kwa mafua ilikuwa inapingana na donepezili na kumzidishia kuchanganyikiwa, kwa hiyo haimo tena nyumbani. Anapohangaika jioni, wapo wanaonishauri apewe haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, atulie. Dawa za aina hiyo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa huu, na nitazikubali tu ikiwa atafikia kujidhuru au kudhuru wengine, tena kwa muda mfupi, daktari akiwa anamfuatilia.

Fedha ulizokuwa umeziweka kwa ajili ya safari, ukipenda, zimlipe kijana wa kukesha naye, kwani usiku hutoka nje na mimi sina tena nguvu za kumfuata. Na vile vidonge vya mmea wa ginko ulivyosema utampa mjomba wako avilete, usivitume, kwa sababu vinaweza kuzidisha hatari ya kutoka damu kwa mtu aliye kwenye warfarini.

Mama yako