Nyanya za kiangazi Magu: hiyo ratiba ya mara mbili kwa wiki ndiyo iliyonifilisi

Mkuu, rudisha kwanza hiyo hela mfukoni. Umesema unahamishia miche shambani mwezi wa 7, ekari 2 kando ya ziwa huko Magu, na utamwagilia mara mbili kwa wiki kama masika kwa sababu "zilikubali". Zilikubali kwa kuwa mvua ilikuwa inakufanyia kazi, wewe unachukua sifa.

Mimi yalinikuta Ilemela, ekari 1. Jamaa aliyeniuzia pampu alisema bila hata kupepesa macho: "Mara mbili kwa wiki, masaa mawili mawili, ziwa si lipo hapo?" Ziwa lipo, tangu enzi za babu. Ila nyanya hainywi kwa kulitazama.

Julai shamba lilipendeza hadi nikarusha picha kwenye grupu la ukoo (shemeji bado ananitania nazo). Agosti maua yakatoka, anga haina wingu, upepo wa mchana unachapa. Saa nane majani yanalala, jioni yanaamka, nikasema kawaida. Wiki iliyofuata jioni hayakuamka. Maua yakapukutika. Tunda ukiligeuza, kitako cheusi, kimebonyea kama kimepigwa pasi. Duka la pembejeo wakaniuzia dawa ya ukungu. Nikapiga. Wakaniuzia nyingine. Nikapiga tena! Kumbe maji yakija kwa kushtukiza, leo mafuriko kisha siku tatu jangwa, kalsiamu haifiki kwenye tunda. Nilikuwa naipigia kiu dawa ya ukungu. Matenga niliyovuna hayakurudisha hata hela ya petroli.

Kilichonidanganya ni joto. Mwanza joto la mchana halipishani sana mwaka mzima, ukadhani mmea nao unakunywa kilekile. Kinachobadilika ni jua lisilo na wingu, hewa kukauka, na upepo unaofagia unyevu kwenye majani. Kiangazi chukulia shamba linakunywa milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, na ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni kama lita 20,000 kila siku. Mche mdogo unataka kama asilimia 60 ya hapo, lita 12,000. Ukiwa na maua na matunda unapanda hadi asilimia 115: lita 23,000 kwa siku, 161,000 kwa wiki. Hapo sijahesabu yanayopotelea kwenye mifereji.

Pampu yangu, baada ya kupanda mwinuko na kupita mpira mrefu (maana huruhusiwi kulima ndani ya mita 60 kutoka ufukweni), ilijaza pipa la lita 200 kwa sekunde 40. Hiyo ni lita 18,000 kwa saa. Masaa manne kwa wiki: 72,000. Hata nusu haifiki, na nimepima baada ya msiba.

Kwa hiyo piga hesabu ya mwezi ambao nyanya zitakuwa na matunda, siyo mwezi unaopanda. Ukiona ekari 2 hazifiki, lima moja. Na kama udongo ni kichanga, gawanya yale maji yale yale kila siku au kila baada ya siku moja.

Mbegu na bei ya Septemba uliuliza pia, eeh? Wadau watakujibu. Wewe kesho beba pipa, vuta mpira hadi mwisho wa shamba, washa pampu, uje uniambie sekunde ngapi.