Saa nane usiku nani atakumbuka? Bakapu inayojiendesha yenyewe

Radi ilipiga jirani na ofisi yetu ya Area C siku ya Alhamisi, Januari 2023, wakati matone yale mazito ya Dodoma yanaanza kutimua vumbi kabla ya kulilaza. Taa zikawaka kupita kiasi, zikazima. Laptopu ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Eksteno, ile diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, iliyokuwa imechomekwa kwenye laptopu hiyohiyo ikaanza kulia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyoishiwa betri.

Eksteno hiyo ndiyo ilikuwa bakapu yangu, yaani nakala ya akiba ya kazi zangu, nayo ikafa pamoja na laptopu. Kwa kawaida nilikuwa nahamishia kazi za wiki kila Ijumaa jioni, kisha naifungia kabatini. Wiki hiyo niliwahisha siku moja kwa sababu Ijumaa nilikuwa na safari ya Kongwa. Nilijiona mtu makini kweli.

Mimi ni mpima ardhi. Mali ya ofisi yangu si meza wala viti, wala hata ile mashine ya kupimia. Ni namba: kila bikoni iliyochimbiwa, yaani jiwe la mpaka wa kiwanja, ina namba zake mbili, ya mashariki na ya kaskazini, na zikipotea hizo, jiwe lililoko ardhini ni jiwe tu. Tulirudi Nala kupima upya viwanja 38 ambavyo namba zake zilipotea, kwa gharama zetu, jua likiwa utosini. Mama mmoja mwenye kiwanja cha pembeni alitutazama wee, mwishowe akauliza, "Mwanangu, si mlishapima hapa?" Nikamjibu, "Tumekuja kuhakiki mawe, mama." Akaingia ndani akatutolea maji ya kunywa kwenye jagi. Aibu niliyoisikia pale ndiyo iliyoniandikisha haya yote.

Tangu hapo bakapu zangu zinajiendesha na zinakwenda mbali na Dodoma. Kazi ilinichukua miezi, kwa sababu nilikosea karibu kila mahali panapokoseka. Wewe ukizijua sehemu hizo mapema, wikiendi moja inatosha.

Anza kwa kujua nini kinastahili kupanda mtandaoni. Nilipopima folda ya kazi nilikuta GB 190. Nikapiga hesabu: intaneti ya ofisi inapakia kwa Mbps 4 ikiwa na siku njema, yaani kama GB 1.8 kwa saa. GB 190 ni zaidi ya saa 105, siku nne na ushee bila kupumua na bila umeme kukatika. Nilikaribia kuacha. Kisha nikaangalia ndani: GB 170 zilikuwa picha za droni, nyingi za kazi zilizokwisha kukabidhiwa. Vipimo vyenyewe, michoro, barua na risiti vilikuwa GB 20 tu. Hizo zinapanda kwa saa 11 na kidogo, na baada ya mara ya kwanza kinachopanda kila usiku ni mabadiliko ya siku hiyo, ambayo kwangu mara nyingi hayafiki MB 200. Picha za droni nilizituma baadaye taratibu, wiki baada ya wiki. Mtu wa duka au mwalimu atakuta hesabu yake ni ndogo kuliko hii. Mpiga video wa harusi, pole sana ndugu yangu.

Tena usichanganye bakapu na kule kufananisha folda. Wengi wetu tunaweka folda ya Google Drive kwenye kompyuta tukadhani tumemaliza. Ile kazi yake ni kuhakikisha huku na kule kunafanana. Ukifuta huku, kule kunafutwa. Kijana wetu wa ofisini aliwahi kusafisha folda ya kazi ya Msalato akidhani ni nakala ya ziada. Hadi nafika nyumbani, hata mtandaoni haikuwepo. Tuliikuta kwenye pipa la taka la Drive, ambako kitu kilichofutwa hukaa siku 30. Bahati. Angeifuta mwezi wa sita nami nikaitafuta mwezi wa nane, tungekuwa njiani tena na mashine begani. Na kirusi kile kinachofunga mafaili na kudai fidia, kikiingia, huyo mfananishaji atapandisha mafaili yaliyofungwa kwa uaminifu uleule.

Unachotaka ni programu inayotunza hali ya jana, ya juzi na ya mwezi uliopita. Mimi natumia mbili, zote za bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Ya kwanza ni rclone, ambayo inajua kuongea na hifadhi nyingi za mtandaoni, Google Drive ikiwemo. Ukiitumia peke yake, tofautisha amri ya "copy" na ya "sync": ya kwanza inaongeza tu, ya pili inafuta upande wa pili kile ambacho huku hakipo. Ya pili ni restic, ambayo inapitia mlango wa rclone, inapiga kama picha ya folda zako kila inapoendeshwa, na sehemu za faili ambazo hazijabadilika haizipakii mara ya pili. Nimeiagiza itunze hali za siku 7, wiki 4 na miezi 12. Zilizobaki izifute yenyewe. Hayo yote yanaandikwa kwenye faili moja fupi la amri. Kama hupendi kuandika amri, Duplicati na Kopia zina madirisha ya kubonyeza, na mawazo ni yaleyale.

Nimeipenda restic kwa sababu nyingine pia. Inafunga data kwa ufunguo kwenye mashine yako kabla haijatoka nje ya mlango. Mafaili yangu yana nakala za vitambulisho vya wateja, namba za simu na barua za mauziano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haijali kama wewe ni benki au ofisi ya watu watatu yenye feni moja. Lakini ufunguo huo una upande wake mkali: ukisahau paswedi ya restic, hakuna "nimesahau paswedi" ya kubonyeza. Data imekwenda. Yangu nimeiandika kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Moja iko kwa dada Mpwapwa, ndani ya bahasha yenye hati ya shamba la marehemu baba. Naijua familia yetu: bahasha hiyo haitapotea.

Kuhusu pahala pa kuhifadhi: akaunti ya kawaida ya Google inatoa GB 15 bure, lakini ndani yake barua pepe na picha za simu zinagombea nafasi hiyohiyo, kwa hiyo nalipia kidogo. Picha za droni ziko Backblaze B2, hifadhi nyingine ya mtandaoni ya kulipia. Kwa bei waliyoanza Oktoba 2023, dola 6 kwa TB moja kwa mwezi, GB 170 ni kama dola moja. Sahani ya chips kuku inanigharimu zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwenye kujiendesha, maana hapa ndipo nilipoanguka zaidi.

Ofisini tunatumia Windows, na saa ya kengele ya kazi kama hizi inaitwa Task Scheduler. Nilikuwa njiani narudi kutoka Kongwa nikampigia kijana simu: "Dogo, iwekee saa nane usiku." Akasema, "Sawa kaka, imekaa." Siku mbili baadaye ananipigia yeye: "Kaka, mbona bando la ofisi limekata?" Kumbe alikuwa amesikia nane, akaandika 8:00, akasikia usiku, akaweka PM. Bakapu ikawa inaanza saa mbili usiku, ikila bando la kawaida, wakati lile la usiku tulilonunua linaanza saa sita. Saa nane yetu ya usiku kwenye kompyuta ni 02:00. Nacheka sasa. Siku ile sikucheka. Kama huwezi kuikwepa saa ya mchana, rclone ina kizibo cha kasi: unaiambia mchana ipite kwa kujibana, usiku ifunguliwe yote.

Tukarekebisha saa, na bado haikuendesha. Laptopu inafungwa saa kumi na moja jioni. Saa nane ya usiku imelala fofofo, nani aamke? Kuna kisanduku ndani ya Task Scheduler kinachosema kazi iliyopitwa na muda ifanywe mara tu inapowezekana. Hakijawekewa alama, kiwekee. Kingine kinasema kazi ianze tu kama laptopu iko kwenye umeme wa ukutani. Hicho kina alama tangu mwanzo, na kwa mji ambao umeme unaweza kuondoka bila kuaga, kitakunyima bakapu siku ambayo unaihitaji. Mimi nilikiondoa. Baadaye nilinunua kikompyuta cha mitumba kinachobaki kimewaka usiku kucha, lakini kwa mwaka mzima visanduku hivyo viwili vilitosha.

Kisha yakaja yale ya ukimya. Nilisoma mahali kwamba rclone inakwenda vizuri zaidi na Drive ukijitengenezea huko Google kitambulisho chako mwenyewe (client ID) badala ya kutumia kile cha wote. Ni kweli. Nikatengeneza, nikaona mambo yanapita, nikaendelea na kazi. Sikusoma mstari mmoja: mradi wa Google unaobeba kitambulisho hicho ukiuacha kwenye hali ya majaribio, ruhusa yake inakufa baada ya siku 7, na inabidi uupandishe uwe wa kazi kamili. Kosa langu. Bakapu ikasimama, na mimi nikaendelea kulala usingizi wa mwenye bakapu kwa siku 19. Ule wakati wa eksteno walau nilijua lini nimehamisha na lini sijahamisha.

Dawa yake ni kuweka mtu anayesikiliza ukimya. Kuna huduma inaitwa Healthchecks.io, ya bure kwa watumiaji wadogo. Bakapu ikimaliza salama, faili la amri linagonga anwani fulani ya mtandao. Isipogongwa ndani ya muda uliotaja, wao wanakutumia barua pepe au ujumbe wa Telegram. Angalia mantiki yake: bakapu iliyokufa haiwezi kukutumia ujumbe kwamba imekufa, kwa hiyo anayetuma ni yule aliyekuwa akiingoja. Nimeweka saa 36, maana Jumapili ofisi inafungwa na sitaki kelele kanisani.

Matumizi ya eksteno sijayaacha, ila si ile iliyokufa. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti nchini ikazorota, na kwa siku kadhaa kilichopanda kwetu kilikuwa kama hakuna. Nakala ya eksteno ikashika zamu. Ila sasa ikimaliza kazi inachomolewa, inakwenda kabatini, na wingu likitanda upande wa Chamwino haichomekwi kabisa.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nafanya kitu ambacho dogo anakiita mtihani. Nachukua laptopu ambayo haina kazi yoyote ndani, naweka restic, nasoma paswedi kutoka kwenye karatasi (siyo kichwani), narudisha kazi moja na kufungua faili lake. Mwezi uliopita nilichagua kazi ya Kongwa. Kongwa iko mashariki ya nyuzi 36 za longitudo, mstari unaotenganisha kanda mbili za vipimo vya ramani, kwa hiyo vipimo vyake viko kanda ya 37 wakati vya Dodoma mjini viko kanda ya 36, na dogo, ili zisichanganyike, alikuwa amezitengenezea za Kongwa folda yake maalumu. Wazo zuri. Aliitengeneza kwenye uso wa kompyuta, nje ya folda ya kazi, na restic haikuwa imewahi kuambiwa kwamba ipo.

Miezi miwili ya kazi, na kila asubuhi ukurasa wa Healthchecks unasema bakapu imekamilika.

"Kaka, lakini si ilikuwa inaonyesha kijani?"

Nikamsogezea kiti, nikafungua orodha ya folda, akaongeza ule mstari mwenyewe.